Sabuni ya Wiki Nne

Elfu kumi na nane, majina kumi na moja.
Nimegawanya kwa kalamu, nikagawanya kwa vidole,
haifiki hata doti moja ya kanga.
Novemba imeanza, saluni ya Sinza imefungwa,
na Semeni mwenye saluni hapokei simu.

Basi nikaenda Kariakoo kwa miguu toka Magomeni:
lita moja na nusu ya mafuta ya nazi,
robo kilo ya kostiki, karafuu za mia tano.
Chenji iliyobaki hailii hata mfukoni.

"Kostiki ndiyo inayoingia majini,"
aliniambia Bi Stumai wa Manzese,
"maji hayaifuati kostiki.
Mgeni ndiye anayekuja nyumbani,
nyumba haimwendei mgeni."
Akanionyesha kovu mkononi, umbo la jani la mchicha.
Hakuongeza neno.

Nikawaondoa uani watoto wa wapangaji.
Nikafunga kitambaa puani.
Maji yakachemka bila moto,
nami nikasimama mbali kama mkwe.
Kisha mafuta, kisha mwiko, ule uliopasuka,
hautarudi tena kwenye ugali,
koroga, koroga, mpaka mkono ukasahau ni wa nani.
Umeme ukakatika. Nikakoroga kwa tochi ya simu
mpaka uji ukawa mzito, ukatunza njia ya mwiko.
Nikatia karafuu, nikatia mchaichai
unaoota nyuma ya choo na hauna mwenyewe,
nikamimina kwenye paketi za maziwa
nilizookota kwa muuza chai tangu Septemba.

Wiki nne, alisema Bi Stumai.
Ukiiharakisha, itamchubua unayempenda.

Wiki nne juu ya kabati, vipande ishirini,
kama matofali ya mtu anayejenga kidogo kidogo.
Kila asubuhi nikivigeuza.
Mwenye nyumba alikuja kudai kodi, akanusa hewa,
akauliza kama napika pilau.
Nikamwambia bado.

Sukari ya kusugulia niliichanganya na mafuta na ndimu.
Sisimizi walipata habari kabla ya ndugu.
Nikaanza upya, chupa za jemu nikazisimamisha
ndani ya sahani ya maji.
Chumvi ya mawe niliitia asmini kavu,
nikaandika kwa kalamu ya mwanangu: loweka miguu.
Maana nani kwetu ana pa kulala majini?
Kuoga kwetu ni ndoo, kopo, na mluzi mfupi
kabla mwenzio hajagonga mlango.

Sikukuu zikaja.
Machibya, mlinzi wa ghorofa lisilokwisha,
alipokea yake kwa mikono miwili.
Kesho yake akanipita ananukia karafuu,
anatembea kama mtu mwenye akiba benki.
Dada Chausiku akauliza bei.
Nikamwambia ni zawadi.
Akauliza tena.
Wifi Edna wa Mbezi Beach akasema, "Jamani, umejisumbua,"
akaitia mkobani bila kuinusa.

Februari alinialika chakula cha mchana.
Bafuni kwake kuna beseni refu, jeupe,
mtu mzima analala akanyoosha miguu.
Limejaa mpaka ukingoni.
Nikastaajabu, kisha nikaona kopo linaelea:
mgao. Maji ya akiba.
Na dirishani, sabuni yangu,
karatasi yake ya kaki, kamba yake ya katani,
fundo lile lile nililolifunga mimi.

Nikalifungua.
Nikachota kopo moja, nikanawa mpaka viwikoni, taratibu.
Povu likaja kwa wingi; nazi haina choyo.
Nikaiacha pale, mbichi, bila nguo,
alama ya kidole changu gumba juu yake.

Mezani Edna akainua pua.
"Wifi, ni nini hicho unachonukia?"
Nikamsogezea bakuli la mchuzi,
na mkono nikauacha palepale,
usirudi haraka.